Mkunjo Huanzia Panapovutwa: Kufinyanga Nguo za Sanamu Ndogo

Sanamu yangu ya kwanza ya askari wa miguu wa Napoleon, aliyevaa koti zito la baridi, ilikuwa na mikunjo mingi kuliko nguo yoyote niliyowahi kuiona mwilini mwa mtu. Nilikuwa nimechimba mifereji kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, yote ya upana mmoja na kina kimoja, na asubuhi yake, puti, yaani kinyango laini cha kufinyangia, ikiwa imekwisha kuwa ngumu, nikaona nimemzungushia mtu bati la paa. Mkono haukuwa na kosa; nilikuwa nimefinyanga mikunjo bila kujiuliza ni nini kinachoikunja.

Nguo huning'inia mahali fulani, iwe begani, kwenye mkanda au kwenye kiwiko, na mkunjo huanzia hapo ukiwa mwembamba na mkali, kisha hupanuka na kulegea kadiri unavyoteremka, mpaka upotee au ukutane na kizuizi kingine. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kufungua puti, hutia alama za penseli kwenye mwili wa sanamu: hapa panavutwa, hapa panabanwa. Sehemu kubwa ya kazi huishia hapo.

Tuchukue mkono wa kushoto ulioshika bunduki. Upande wa nje wa kiwiko sufu imevutika, kwa hiyo huachwa laini kabisa. Upande wa ndani imesongamana, na mikunjo miwili au mitatu hutoka kwenye kona hiyo ikizunguka mkono na kufifia kabla ya kufika nje. Sufu nzito haipendi mikunjo mingi. Ukiweka sita, umemvisha askari pamba nyepesi.

Mimi hutumia Green Stuff, puti ya epoksi inayouzwa kama utepe wa buluu na njano, ambayo hukandwa hadi itoe kijani kisicho na mabaka. Njano ikizidi, puti hulainika na kunata. Buluu ikizidi, huwa ngumu zaidi ikishakauka. Kwa nguo huichanganya na Milliput, puti nyingine ya epoksi, kwa sababu Green Stuff ikiwa peke yake hunyumbuka mno: unaikandamiza, nayo inarudi taratibu ilikotoka, na kingo kali zinafifia. Huitandaza nyembamba, huiacha kama nusu saa ipunguze kunata, ndipo hukandamiza mabonde kwa kifaa chenye ncha ya mviringo kilicholowa maji kidogo. Sijengi matuta, tuta ni kile kinachobaki kati ya mabonde mawili, na ukuta mmoja wa bonde sharti uwe mkali kuliko mwenzake, la sivyo bati lile linarudi. Mwisho hupitisha brashi ya silikoni, kisha naiacha mpaka kesho yake. Wenye haraka hugeuza sanamu kufanya mgongo na kuacha alama ya kidole gumba kifuani.

Wapo wanaokata kitambaa halisi, au karatasi ya shashi, na kukilowesha gundi. Sikubaliani nao kwa makoti. Kitambaa kikikatwa kidogo, uzito wake hupungua lakini ukakamavu wa nyuzi zake haupungui kwa kiasi kile kile, hivyo husimama badala ya kuanguka. Kukitazama ni jambo jingine: mimi huvaa koti langu mbele ya kioo, nikakunja kiwiko, nikapiga picha.

Linabaki suala la unene. Katika sanamu ya milimita 54, ambayo ni takriban 1/32 ya mtu, sufu yenye unene wa milimita 2 ingepaswa kuwa na milimita 0.06. Puti haiwezi kufika huko bila kuvunjika, kwa hiyo jicho hudanganywa: koti huachwa nene lilipogusana na mwili, na pindo peke yake husuguliwa kwa ndani, kwa mshazari, baada ya puti kukauka, mpaka ukingo unaoonekana uwe mwembamba kama ukucha.