Jicho la Mtu na Jicho la Kompyuta: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Alasiri moja gatini hapa Lamu, kijana mmoja alimwelekezea simu punda aliyebebeshwa mifuko ya saruji, akiwa amesimama kati ya madau mawili yaliyopwelewa. Programu ya kutambua vitu ilikawia kidogo, kisha ikaandika "mashua". Tuliokuwa barazani tulicheka. Mzee mmoja aliyepata kuwa nahodha akasema, "Hiyo simu yako kipofu, mwanangu." Kijana akajibu kwa adabu, "La, mzee wangu, simu inaona kutushinda sote. Ni jua tu limeikalia vibaya." Sikutaka kuwakata kauli, lakini wote wawili walikosea, na kosa lao lilikuwa moja: kila mmoja aliichukulia kuona kuwa ni kazi moja tu, ambayo simu ama inaiweza ama haiiwezi. Jicho la mtu na kompyuta hufanya kazi mbili tofauti ambazo mara nyingi huishia kwenye jibu linalofanana, na pale zinapoachana njia ndipo dhana potofu zinapozaliwa.

"Jicho ni kamera"

Hii ndiyo dhana inayozizaa nyingine, nayo ina sehemu ya ukweli. Mbele ya jicho kuna lenzi, kuna tundu linalopanuka gizani na kusinyaa juani, na nyuma kuna retina, yaani utando unaopokea nuru. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Cairo katika karne ya 11, alionyesha kwa hoja na majaribio kwamba tunaona kwa nuru inayoingia machoni kutoka kwenye vitu, wala si kwa miale inayotoka machoni kwenda kuvigusa, kama walivyodai baadhi ya Wayunani. Mpaka hapo jicho na kamera ni ndugu. Nuru ikishafika nyuma ya jicho, undugu huo unakatika.

Kamera ya simu ina vipokezi vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja sawa na mwenzake, pembeni kama katikati. Retina haiko hivyo. Ina seli zipatazo milioni 120 za kuonea katika mwanga hafifu, ambazo hazitofautishi rangi, na nyingine milioni 6 hivi za kuonea rangi na vitu vidogo vidogo, ambazo zimerundikana zaidi katika kishimo kidogo cha katikati. Ukinyoosha mkono mbele yako, eneo unaloliona kwa ukali kamili halizidi sana upana wa kidole gumba. Kilichobaki chote unakiona kwa ukungu, na hujui kwamba ni ukungu, kwa sababu macho huruka mara 3 hivi kwa sekunde kutoka mahali hadi mahali, na ubongo huviunganisha vipande hivyo ukakupa bahari nzima, jahazi na tanga lake, kana kwamba umevitazama vyote kwa pamoja. Zaidi ya hayo, mshipa wa fahamu unaotoka jichoni una nyuzi milioni 1 tu hivi. Habari za seli zaidi ya milioni 120 haziwezi kupita humo zilivyo. Kwa hiyo retina huchuja kwanza, ikakazania kingo, tofauti na mwendo, na kinachofika ubongoni si picha bali ni muhtasari.

Msomaji asiyeamini achukue karatasi, achore msalaba kushoto na nukta nene kulia kwake, sentimita 8 kati yake. Afumbe jicho la kushoto, autazame msalaba kwa jicho la kulia bila kuyumba, na aisogeze karatasi polepole mpaka iwe umbali wa sentimita 30 hivi kutoka usoni. Kuna mahali nukta itatoweka. Pale ndipo mshipa unapotokea nyuma ya jicho, na hapana seli hata moja ya kupokea nuru. La ajabu si kutoweka kwa nukta. La ajabu ni kwamba hatuoni shimo lolote, kwa sababu ubongo umepaziba kwa weupe wa karatasi. Kamera yenye tundu kama hilo ingerudishwa dukani siku hiyohiyo.

"Kompyuta inaiona picha kama sisi"

Kompyuta haipokei punda wala bahari. Inapokea jedwali la namba. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, kwa kawaida huwa na namba 3, moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu, na kila namba huwa kati ya 0 na 255. Programu haina kingine cha kuanzia.

Nilitaka kuliona jambo hili mwenyewe, nikapiga picha yapata saa tisa alasiri mahali ambapo kichochoro kinatokea pwani. Ndani, chini ya wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia, alisimama mtu mwenye kanzu nyeupe. Nje, juani, alipita mama aliyevaa buibui jeusi. Kila niliyemwonyesha picha hiyo alisema bila kusita kwamba kanzu ni nyeupe na buibui ni jeusi. Nilipoifungua katika programu ya kuhariri picha na kuzisoma namba, kanzu ilikuwa kwenye 50 na kitu, na buibui lilikuwa juu ya 60. Kwa hesabu ya nuru iliyoingia kwenye lenzi, buibui ndilo lililokuwa limeng'aa zaidi. Ubongo wa mtu huondoa athari ya kivuli bila kuombwa, na kwa ajili hiyo unaweza pia kudanganywa: mwaka 1995 Edward Adelson wa chuo cha MIT nchini Marekani alichora ubao wa miraba wenye kivuli, ambamo miraba miwili yenye rangi ileile kabisa ya kijivu huonekana mmoja mweupe na mwingine mweusi, na hata ukishaambiwa siri, macho hayakubali. Wengi huutumia mchoro huo kuonyesha udhaifu wa mtu. Mimi sioni udhaifu hapo. Ukiuliza nguo ni ya rangi gani, jicho limejibu vyema. Ukiuliza nuru kiasi gani imefika, namba zimejibu vyema. Ni maswali mawili tofauti.

Kwa sababu hiyo pia, anayenunua simu yenye megapikseli nyingi akitumaini itatambua vitu vizuri zaidi ameongeza ukubwa wa jedwali tu. Programu nyingi za kutambua huipunguza picha mpaka nukta mia chache kwa kila upande kabla ya kuanza kazi.

"Mashine ilimshinda mtu mwaka 2015"

Habari hii ina msingi, ila hukatwa mkia inaposimuliwa. Kulikuwa na mashindano ya kila mwaka yaliyoanza mwaka 2010, yaliyotumia hazina ya picha iitwayo ImageNet. Programu zilifunzwa kwa picha zipatazo milioni 1.2, kisha zikapewa picha mpya zizipange katika makundi 1,000, na kila programu iliruhusiwa kutoa majibu 5 kwa picha moja. Mwaka 2012 kikundi cha Chuo Kikuu cha Toronto kilitumia mtandao wa neva bandia wenye tabaka nyingi, yaani programu ya hesabu iliyopangwa kwa kuiga seli za ubongo, na kuyashusha makosa hadi asilimia 15 hivi, ilhali aliyemfuata alibaki kwenye 26. Mwaka 2015 mtandao wa watafiti wa Microsoft ulifika asilimia 3.57. Makosa ya mtu yalikuwa yamekadiriwa kuwa asilimia 5.1, na hapo ndipo vichwa vya habari vilipotangaza ushindi.

Lakini huyo "mtu" alikuwa mmoja: Andrej Karpathy, mtafiti aliyejifunza orodha ile kwanza kisha akaketi kuzijibu picha mwenyewe. Katika makundi yale 1,000, yapata 120 ni aina za mbwa. Nahodha wetu wa barazani angeshindwa vibaya katika mtihani huo, kama ambavyo mshindi wa mtihani huo angeshindwa kumwambia nahodha maji haya yana mwamba au mchanga chini yake. Kushinda katika orodha iliyofungwa ni kushinda katika orodha hiyo.

"Ikimtambua punda, basi inamjua punda"

Hapa ndipo penye jibu la kilichotokea gatini. Programu haielezwi punda ni nini. Inapewa picha nyingi zenye jina "punda" na kutafuta yenyewe alama za namba zinazoandamana na jina hilo. Kama picha hizo karibu zote zilipigwa malishoni, majani ya kijani yatahesabiwa kuwa sehemu ya punda, kwa kuwa hakuna aliyeiambia programu vinginevyo. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Caltech, Marekani, walionyesha kwamba ng'ombe aliyeko malishoni alitambuliwa vizuri, ilhali ng'ombe aliyesimama ufuoni au ndani ya boti alikosewa au hakuonekana kabisa. Kwetu Lamu, ambako punda hushinda ukingoni mwa maji tangu alfajiri, kasoro hiyo si jambo la vitabuni. Programu iliona maji, mbao na milingoti, ikajibu kinachotarajiwa.

Kuna jambo la pili linaloshangaza zaidi. Mtoto humjua paka kwa umbo lake. Watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walitengeneza picha ya paka mwenye ngozi ya tembo, na mtandao uliofunzwa kwa ImageNet ukajibu "tembo", kwa sababu ulikuwa umeegemea zaidi mwonekano wa ngozi kuliko umbo. Tena si lazima mabadiliko yawe makubwa: katika jaribio la mwaka 2014 lililojulikana sana, picha ya panda iliongezwa chembechembe ambazo jicho la mtu haliwezi kuziona, na mtandao uliokuwa na uhakika wa asilimia 57.7 kwamba ni panda ukawa na uhakika wa asilimia 99.3 kwamba ni nyani wa jamii ya giboni. Mtu naye hukosea, humwita nguru jodari katika mwanga wa jioni, lakini makosa yake kwa kawaida huwa na ujirani na ukweli.

Haki inataka niseme pia kwamba mifumo mipya imepunguza baadhi ya kasoro hizi. Mwaka 2021 ulitolewa mfumo uliofunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maneno yake, nao unaweza kutambua kundi la vitu ambalo haukufunzwa mahususi. Hata hivyo milioni 400 ni namba ya kutafakari. Husemwa kwamba mtoto humjua mnyama akionyeshwa mara moja tu, na hiyo nayo ni dhana ya kurekebishwa, maana mtoto huyo amekwisha kutazama, kushika, kuvuta na kuanguka kwa miaka kadhaa kabla ya siku hiyo.

"Mashine haina upendeleo"

Mashine haina chuki, lakini ina malezi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo 3 ya kibiashara iliyokisia jinsia ya mtu kwa uso wake, wakitumia picha za wabunge wa nchi 3 za Afrika na 3 za Ulaya. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7 katika mmoja wa mifumo hiyo. Mtu naye hutambua vizuri zaidi nyuso za watu aliokulia kati yao, ila yeye akihamia kwingine macho yake huzoea, na mfumo uliokwisha kuuzwa hubaki ulivyo mpaka ufunzwe upya.

"Kama hukosea hivyo, basi haifai kitu"

Mzee wa gatini angefurahi niishie hapo juu, na angekuwa amepotoka. Yapo mambo ambayo jicho letu haliwezi hata likifunzwa. Chukua papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, ambaye baadhi ya watu wa pwani humwita papa shilingi kwa madoa meupe ya mgongoni. Wavuvi humtambua kwa mbali, kwa kivuli chake chini ya maji na kwa mwendo wake wa taratibu. Lakini ukimwuliza mvuvi kama huyu ndiye yuleyule wa mwaka juzi, hana la kukujibu, kwa kuwa madoa ni mengi na papa hawa kwa macho yetu wanafanana. Mwaka 2005 ilichapishwa njia ya kuwatofautisha iliyoazimwa kutoka kwa wanafalaki, ambao walikuwa wakiitumia kulinganisha ramani za nyota. Programu huchukua picha ya ubavu wa papa, nyuma ya matamvua, huunganisha madoa kuwa pembetatu, na kuzilinganisha pembetatu hizo na za papa wote waliokwisha kuandikishwa. Haijui kwamba hicho ni kiumbe, wala kwamba kiko baharini, na picha ikipigwa upande usiofaa hukwama. Ikipata ubavu ulionyooka, humtaja papa mmoja kati ya maelfu, pamoja na siku na mahali alipoonekana mara ya mwisho.