Ujifunzaji wa Pavlov: ng'ombe amejuaje kwamba ndoo inaleta maziwa?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Tukuyu, ukungu bado umekalia migomba. Shangazi anatoka jikoni na ndoo ya bati yenye maji ya uvuguvugu, na kila hatua mkono wa ndoo unagonga ubavuni. Hajafika bandani, hajagusa kiwele, lakini ng'ombe ameacha kucheua, masikio ameyageuzia mlangoni, na chuchu mbili za nyuma zinadondosha maziwa sakafuni. "Lete mafuta upesi mwanangu, huyu ameshashusha."

Ng'ombe hazaliwi akiijua ndoo. Anachozaliwa nacho ni hiki: ndama akinyonya, au mkono wenye joto ukikanda kiwele, neva hupeleka habari kwenye ubongo, homoni ya oksitosini humwagwa kwenye damu, na baada ya kama dakika moja vimisuli vya ndani ya kiwele hubana na kusukuma maziwa chini. Hapo hakuna aliyemfundisha. Mguso ni kichocheo cha asili, kushusha maziwa ni mwitikio wa asili. Ndoo mwanzoni ni bati tu linalopiga kelele. Lakini asubuhi na jioni, miezi kadhaa, kelele ile hutangulia mkono, na ikafika siku kelele peke yake ikatosha. Ndoo imekuwa kichocheo cha kujifunza, na maziwa yanayoshuka kwa kuisikia ni mwitikio wa kujifunza. Wanachuo wa ualimu wanaiita klasiko kondishening, wanaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wanaisahau. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Jina la Pavlov limetoka kwa Ivan Pavlov, Mrusi aliyezaliwa 1849. Hakuwa mtu wa saikolojia. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi chakula kinavyomeng'enywa, na ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Mbwa wake walipasuliwa kidogo shavuni ili mate yatoke nje na kupimwa. Ikawa kero: mate yalianza kutiririka chakula kikiwa bado hakijatua mdomoni, wakati mwingine kwa kumwona tu mtu anayewalisha. Vipimo vikawa vinaharibika. Pavlov aliona kwamba kero yenyewe ina jambo, akaigeuza kuwa kazi yake kwa miaka mingi iliyobaki. Kengele mnayoisoma kila mahali, ile inayosemwa iligongwa kabla mbwa hajalishwa, imepewa sifa kuliko stahili yake; maabara ile ilitumia sana metronomu, ile mashine ya wanamuziki inayogonga mapigo, pamoja na taa na milio mingine.

Watu wengi huchanganya jambo hili na zawadi na adhabu. Ng'ombe akimpiga mkamuaji teke, mkamuaji akakimbia, naye akajifunza kwamba teke linafukuza watu, huo ni ujifunzaji wa aina nyingine: amefanya kitu, akapata matokeo. Yule anayedondosha maziwa kwa kusikia ndoo hajafanya lolote ili apewe chochote. Wala hakuamua. Mwili umesikia dalili ukajiandaa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba vitu viwili vikitokea pamoja mara nyingi basi vimeshaungana. Mwaka 1968 Mmarekani Robert Rescorla alionyesha kwamba haitoshi. Panya waliopigwa shoti ya umeme wakati wa mlio waliuogopa mlio huo. Lakini pale shoti zilipokuja kwa kiwango kilekile hata mlio ukiwa kimya, hofu ya mlio haikujengeka, ingawa shoti na mlio vilikuwa vimekutana mara zilezile. Mlio haukuwa na habari yoyote mpya. Ukitaka mfano wa hapa, waache watoto waigonge ile ndoo kutwa nzima uani, uone kama ng'ombe ataendelea kuijali.

Sasa nije kwenye mayai. Nikiwa darasa la nne tulisafiri na basi kutoka Mbeya kwenda Dar. Pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, nikanunuliwa mayai mawili ya kuchemsha, yale yanayopasuliwa na kutiwa kachumbari. Basi lilipoanza kuteremka Kitonga, kona baada ya kona, nilitapika mpaka nyongo. Najua vizuri kabisa kwamba kosa lilikuwa la kona. Tumbo langu halijui. Mpaka leo harufu ya yai la kuchemsha inanifanya nimeze mate ya kichefuchefu, na ilitosha mara moja tu. Kwa nini yai, si kiti cha basi wala abiria mwenzangu? Mmarekani John Garcia na mwenzake Robert Koelling walilijibu hilo mwaka 1966: panya aliyeugua huilaumu ladha, si taa wala mlio, aliyepigwa shoti huilaumu taa na mlio, si ladha. Kwa ladha, ugonjwa unaweza hata kuchelewa saa kadhaa na bado lawama ikafika kwenye chakula. Waliowahi kuzidiwa na pombe ya ulanzi hawahitaji maelezo zaidi.

Je, kilichofundishwa hufutika? Metronomu ikigonga mara nyingi bila chakula, mate hupungua mpaka yakakauka. Mwache mbwa apumzike, kisha igonge tena: mate yanarudi kidogo. Kwa hiyo kufifia si kufutika. Dawa mojawapo ni kuambatanisha upya: kichocheo kilekile, safari hii pamoja na kitu cha kupendeza. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walimfundisha mtoto wa miezi 11 kumwogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa nyundo nyuma yake, hofu ikaenea hadi kwa sungura, na mtoto akaondoka bila kutibiwa. Kwangu mimi huo ni ukatili. Miaka minne baadaye Mary Cover Jones alifanya kinyume chake: alimtibu mtoto aliyeogopa sungura kwa kumsogeza mnyama kidogo kidogo huku mtoto akila chakula akipendacho.

Shangazi hajasoma lolote kati ya hayo. Mwaka juzi ndoo ya bati ilitoboka, akanunua ya plastiki, isiyo na kelele. Siku ya kwanza ng'ombe alisimama tu, ikabidi akande kiwele muda mrefu ndipo maziwa yakaja. Jioni yake ile ndoo mbovu ikatundikwa kwenye nguzo ya banda. Anaigonga mara tatu kwa mwiko kabla ya kuingia.