Kupampu Maji Peke Yake Hakumalizi Petroli Iliyovuja Ardhini

Tangi la petroli lililofukiwa likitobolewa na kutu, au kiungo cha bomba kikilegea, uvujaji unaweza kuendelea kwa miezi bila mtu kujua. Petroli hushuka ndani ya udongo mpaka ikute maji ya ardhini. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, haizami. Hutanda juu yake na kusogea kuelekea upande ambao maji yanaelekea.

Wengi wakisikia hivyo husema: basi yapampuni maji hayo yaishe. Pampu huridhisha watu kwa sababu inaonekana na inanguruma. Lakini sehemu kubwa ya petroli haimo ndani ya maji, imenasa katikati ya chembe za udongo. Tena maji ya ardhini hupanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa kiangazi, na kila mara huipaka petroli kwenye tabaka pana zaidi. Maji mapya yakipita hapo huchukua sumu kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Kidogo hicho kinatosha kuleta madhara. Benzini, mojawapo ya kemikali zilizomo ndani ya petroli, husababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 10 katika lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu: lita moja ya petroli yenye asilimia 1 ya benzini inaweza kufikisha zaidi ya lita 800,000 za maji kwenye kikomo hicho. Na usitegemee pua. Maji yanaweza kuvuka kikomo mara nyingi bila kunuka chochote.

Kwa hiyo kazi huanza kwenye chanzo. Uvujaji huzibwa, tangi huondolewa petroli iliyobaki na mara nyingi hung'olewa, udongo uliolowa karibu nalo huchimbwa na kuondolewa, na petroli inayoelea huvutwa kupitia visima maalumu. Baada ya hapo ndipo tunapotumia udhaifu wa petroli yenyewe: inapenda kugeuka mvuke. Mashine hufyonza hewa kutoka kwenye udongo ulio juu ya maji, na hewa safi huweza kupulizwa chini ya usawa wa maji ili ipande ikiwa imebeba mvuke huo, ambao husafishwa kwanza kabla ya kuachiwa angani. Kwenye mchanga njia hii hufanya kazi vizuri. Kwenye udongo wa mfinyanzi hewa hupita kwenye nyufa chache tu na kuacha petroli ilipo, na hapo nisingeshauri mtu anunue mashine hizo kabla ya kuufanyia udongo majaribio.

Hewa hiyo huwanufaisha pia bakteria wa ardhini, ambao hula petroli kama chakula. Huko chini hukwama kwa kukosa oksijeni. Wakiipata, huendelea na kazi bila kudai mengi.

Si kila kemikali huliwa kwa urahisi. MTBE, kemikali ambayo imekuwa ikichanganywa na petroli ili iungue vizuri, huyeyuka sana kwenye maji na husafiri karibu kwa kasi ya maji yenyewe. Mwaka 1996 jiji la Santa Monica, California, lilifunga visima vyake vingi kwa sababu yake.

Pampu ina nafasi yake: kuzuia uchafu usifike kwenye visima vya watu, huku maji yanayotoka yakipitishwa kwenye vichujio vya mkaa maalumu. Shida ni kuizima mapema. Vipimo hushuka pampu ikiwa inafanya kazi, kisha hupanda tena ikisimama, kwa sababu udongo unaendelea kutoa ulichokificha. Ripoti ya usafi iliyopimwa pampu ikizunguka haitoshi. Dai vipimo vya baada ya kuizima, vya majira ya mvua na vya kiangazi.

Mwenye kisima karibu na eneo la uvujaji asitegemee kuchemsha maji. Benzini hutoka kama mvuke na kubaki jikoni, mnaivuta. Atumie maji ya chanzo kingine na apeleke sampuli maabara: kwenye chupa ya kioo iliyojazwa mpaka mdomoni bila kiputo cha hewa, na ihifadhiwe kwenye barafu njia nzima.