Deraya ya mwili kwa wanyama: inaundwaje na inagharimu nini

Deraya ya mwili ni tabaka gumu lililo sehemu ya mnyama mwenyewe, linalozuia jino, ukucha au mdomo wa adui usifike kwenye nyama. Ganda la konokono, gamba la kobe na magamba ya kakakuona vyote ni deraya, ila havina asili moja: kila ukoo uliijenga kwa malighafi uliyokuwa nayo tayari. Kakakuona ametumia keratini, protini ileile ya kucha na nywele. Mamba ana vibamba vya mfupa vilivyoota ndani ya ngozi, chini ya magamba ya nje. Chaza hutumia kalsiamu kabonati, madini ya chokaa.

Ugumu peke yake hautoshi, maana kitu kigumu mno hupasuka. Tabaka la ndani linalong'aa la ganda la chaza ni vibamba vyembamba vya madini vilivyogandishwa kwa protini. Ufa ukianza, hulazimika kukizunguka kibamba kimoja baada ya kingine, na nguvu yake huishia njiani.

Kobe ndiye aliyefika mbali zaidi. Gamba lake la juu ni mbavu na pingili za uti wa mgongo zilizotanuka na kuungana, kisha zikafunikwa kwa keratini. Hawezi kulivua, na anayetoboa ukingo wake ili apitishe kamba anatoboa mfupa hai wenye damu. Mbavu zikishafungwa hivyo kifua hakitanuki, kwa hiyo kobe hupumua kwa misuli inayovuta na kusukuma viungo vya ndani.

Visukuku vinaonyesha kuwa gamba hilo halikuja kwa mkupuo. Eunotosaurus, mtambaazi wa kale wa Afrika Kusini, wa miaka milioni 260 hivi iliyopita, alikuwa na mbavu pana bila gamba. Odontochelys, kobe wa kale wa China, wa miaka milioni 220 hivi, alikuwa na gamba kamili tumboni, lakini mgongoni mbavu pana tu. Wapo watafiti wanaosema mbavu hizo kwanza zilimsaidia mnyama kuchimba, na kinga ikafuata baadaye. Hoja hiyo ina uzito: mbavu zilizopanuka nusu tu hazimzuii adui, ila humpa mchimbaji mwili imara.

Deraya ina gharama, na isipolipa hupunguzwa. Samaki mdogo aitwaye Gasterosteus aculeatus, akiwa wa baharini, huwa na vibamba zaidi ya 30 kila ubavu. Jamaa zake waliobaki kwenye maziwa ya maji baridi baada ya enzi ya barafu wengi wana vichache tu, na mabadiliko ya jeni moja, Eda, ndiyo yanayoeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Kaa naye hulipa kwa namna nyingine: gamba lake halikui, hivyo hana budi kulivua, kunywa maji ili avimbe, na kujificha mpaka jipya liwe gumu.

Kakakuona akishtuka hujikunja kuwa mpira, na simba humgeuzageuza wee, mara nyingi mwishowe humwacha. Mtu hahitaji kumfungua. Humwokota alivyo na kumtia guniani, ndiyo maana mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya spishi zake zote nane.