Mwenyekiti, weka hivyo viti chini

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye semina ya viongozi wapya wa wanafunzi, ukumbi mmoja hapa Tanga, upande wa Raskazone. Mtoa mada, kijana wa suti na maneno matamu, akatamka: "Kiongozi mtumishi hula mwisho, hufagia wa kwanza, na hana neno hapana." Makofi! Hata chai haijamiminwa, mwenyekiti mpya wa chama kimoja ameshavua koti, amebeba viti vinne vya plastiki, na katibu mwenezi yuko nyuma yake anampiga picha. Picha ilifika kwenye grupu la WhatsApp kabla viti havijafika ukutani.

Mimi ni mlezi wa vyama vya wanafunzi, mwaka wa 14 huu. Picha ya viti nimeiona mara nyingi kuliko nilivyoona taarifa ya mapato na matumizi iliyokamilika. Kwa hiyo leo naandika nimekereka, mtanisamehe.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo watu wanapoteleza. Mzizi ni tuma. Humo tumempata mtume, tumempata mtumishi, tumempata mtumwa. Wote watatu wametumwa. Kinachowatenga ni nani kawatuma na kama wana hiari. Mtumwa hana hiari hata ya kuuliza. Mtumishi anayo: anajua kilichomleta, na kwa kuwa anakijua, anaweza kusimama mbele ya watu akasema, "hili sikutumwa." Halafu kuna kutumikia na kutumikishwa. Masikioni yanakaribiana, maishani hayajuani. Nikiwaambia viongozi "mtumikieni mwanachama," wao wanasikia "mtatumikishwa na mwanachama." Mwanachama naye anasikia hivyohivyo, na amefurahi kwelikweli. Saa sita usiku anapiga simu: Mheshimiwa, bwenini maji hayatoki. Mheshimiwa, jina langu halipo kwenye orodha ya mtihani, nifuatilie. Mheshimiwa anakurupuka kitandani. Kesho yake anasifiwa, na wiki inayofuata wanapiga simu watano.

Wapo wanaonibishia kwamba neno hili limeshachakaa, maana mtumishi wanayemjua wao ni yule wa dirishani anayekuambia njoo kesho. Hao siwabishii.

Robert Greenleaf, Mmarekani aliyelivumisha wazo la kiongozi mtumishi kwa insha yake ya mwaka 1970, watoa mada wetu wamemfanya walii. Alikuwa mtu wa ofisi. Alikaa AT&T, kampuni ya simu, karibu miaka 40, akastaafu mwaka 1964. Na kipimo alichokiacha hakina ufagio ndani yake. Anauliza: hawa wanaotumikiwa, wanakua? Wanazidi afya, wanazidi hekima, wanazidi uhuru, wanaweza kujisimamia, na wao wenyewe wanaelekea kuwa watumishi? Na yule mnyonge kuliko wote, atapata chochote, au walau hatazidi kunyimwa? Sasa niambie, huyo mwanachama aliyefuatiliwa jina lake amekua wapi? Mpaka leo hajui ofisi ya mitihani iko ghorofa gani.

Wala hatukuhitaji kumsubiri Greenleaf. Ahadi za mwana-TANU, ambazo wazazi wetu walizikariri, zilisema cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Watu hukimbilia hiyo sehemu ya faida. Mimi huwa nakwama kwenye dhamana. Dhamana ni mali ya mtu iliyo mkononi mwako, na siku ya kurudisha utaulizwa iko katika hali gani.

Nitoe mfano, jina sitaji. Tulikuwa na mwenyekiti aliyependwa kuliko mpira. Kufungua ukumbi yeye. Kukusanya ada yeye. Muhtasari aliandika yeye, eti katibu anachelewesha. Kitabu cha stakabadhi kilikaa kwenye begi lake pamoja na daftari za masomo. Wanachama walipotaka kwenda kutembelea Mapango ya Amboni, alishuka mwenyewe Ngamiani kupatana bei ya basi, jua la saa saba, amefunga. Mtu wa namna hiyo utamlaumuje? Nilimsifu hadharani mimi mwenyewe, na hilo ni kosa langu.

Akaenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wiki nane. Mkutano wa kwanza akidi haikutimia. Wa pili haikutimia. Nywila ya barua pepe ya chama hakuna aijuaye. Katiba iliyorekebishwa ilikuwa nakala moja tu, kwenye kompyuta yake, nayo iko naye huko mkoani. Aliporudi alikuja ofisini machozi yanamlengalenga: "Shikamoo mwalimu. Hawa watu hawana moyo." Nikamwambia, mwanangu, moyo wanao. Ulichowanyima ni kazi. Hakunielewa siku ile, na sina uhakika kama alinielewa baadaye.

Aliyemfuata alikuwa binti, na hakupendwa. Alikuwa akifika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita anatia nanga hapo hapo: wewe ulipewa hili, limefikia wapi? Kimya kinatanda, watu wanatazama simu zao, naye anangoja. Mimi mwenyewe nilikuwa naona aibu kwa niaba yao. Kitabu cha stakabadhi alimpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, watu wakanong'ona. Kisha bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, likachelewa, mwanachama mmoja akaomba akopeshwe kutoka kwenye ada. Akasema hapana, katiba hairuhusu. Wakamwita jiwe. Lakini hakuishia kwenye hapana. Alilipeleka suala kwenye mkutano kama ajenda: mnataka mfuko wa dharura, au hamtaki? Mkiutaka, nani achangie, nani akopeshwe, asipolipa afanywe nini? Walibishana vikao vitatu, kimoja kilivunjika kabisa. Mfuko ukazaliwa, na kanuni zake wakaziandika wenyewe kwa mwandiko mbaya. Yeye aliondoka bila hata keki ya kumuaga. Mfuko upo hadi leo, na wanaokopa humo hawamjui.

Kuhusu kusikiliza, mmeshahubiriwa vya kutosha. Mimi nina swali moja tu: fungua muhtasari wa kikao chenu cha mwisho, hesabu mara ngapi imeandikwa "mwenyekiti alisema" na mara ngapi "mjumbe alisema." Tuendelee.

Sasa yanayonisumbua mimi, ambayo semina hazigusi.

Yule binti alinijia siku moja akaniuliza swali ambalo sijalijibu vizuri hadi sasa. "Mwalimu, mnatufundisha kutumikia. Mimi nimemimina chai ya watu tangu nina miaka saba. Hapa chamani vikao vyote chai na maandazi ni sisi wasichana. Nijifunze nini kipya?" Nikababaika. Nikamwambia kwa mvulana anayetoka nyumba ambayo hajawahi kuosha hata kikombe chake, kushika chupa ya chai huenda ndilo somo lenyewe, na kwake yeye somo huenda ni kukaa kitini na kuendesha kikao mpaka mwisho bila kuinuka. Kwa hiyo, ndiyo, kuna mtu mmoja au wawili ambao kubeba viti kunawafaa. Nayarudisha maneno yangu nusu. Bila mpiga picha lakini.

La pili ni muda. Uongozi wa wanafunzi ni mwaka mmoja, na ukiondoa mitihani na likizo inabaki miezi michache. Namwambia kijana apande mnazi, na wenzake watampigia kura kwa mchicha. Yule wa viti atashinda uchaguzi ujao, nawahakikishia. Kama kipimo cha Greenleaf kinadai watu wakue, nani atakuwepo siku ya kupima? Mara nyingi ni mlezi peke yake, na mlezi naye ana lake.

Lake ni hili. Fedha za chama benki hazitoki bila sahihi tatu, moja ni yangu. Nikisafiri, wanangoja. Nikiulizwa nasema ni utaratibu wa chuo, na ni kweli, utaratibu upo. Lakini naijua pia ile raha ninayoipata mlango unapogongwa na kijana akasema, "Mwalimu, tumekwama." Ni raha ileile ya mwenye viti vinne mkononi, ila mimi napigiwa hodi badala ya picha.

Juzi mhazini, kijana wa mwaka wa kwanza, alileta taarifa ya fedha niipitie. Shilingi 12,000 zimehesabiwa mara mbili. Nimeliona kosa hata sijakaa sawa, kalamu nyekundu iko mkononi. Nikafunika kalamu, nikamrudishia karatasi zake, nikamwambia aisome kwenye kamati kama ilivyo. Akauliza, "Iko sawa, mwalimu?" Nikamwambia wenzako watakuambia.

Kamati inakaa kesho saa kumi jioni. Kosa lipo mstari wa sita, na nimeshaomba udhuru.