Sarafu yako ina kasoro ya kiwandani, au iliumia mitaani?

Wanaotuletea sarafu hapa makumbusho huanza na swali la bei. Sisi huanza na lenzi, maana kasoro ya kiwandani huweza kuipandisha sarafu thamani, na jeraha la mitaani huishusha.

Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Kilichoharibika kabla ya pigo hilo au wakati wake ni kasoro. Kilichofuata ni uharibifu. Madini yenyewe hutoa ushahidi. Muhuri ukipata ufa, madini huingia ndani yake na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Msumari ukiikwaruza, mstari huzama, na madini yaliyosukumwa hujikusanya pembeni kama udongo kando ya mtaro. Ielekeze sarafu kwenye mwanga wa ubavuni utaona tofauti.

Matundu huwachanganya wengi. Senti 10 ya Afrika Mashariki ya enzi ya ukoloni iliundwa na tundu katikati, na maandishi yake yamepangwa kulizunguka. Lakini ukikuta shilingi ya Mfalme George wa Sita, ile yenye simba, ina tundu juu karibu na ukingo lililokata herufi, hiyo ilitobolewa ivaliwe shingoni. Ni kumbukumbu nzuri ya familia, wala si kosa la kiwanda.

Sarafu inayoonewa kuliko zote ni heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916. (Neno letu "hela" limetokana na heller hizo.) Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na vita na fedha zimeadimika, walizipiga katika karakana ya reli, kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano iliyopatikana. Mihuri ilikuwa ya kubahatisha: nyingine ina taji kubwa, nyingine dogo, na hata ncha za herufi L hazifanani. Nimeona watu wakizisugua kwa ndimu na mchanga wakidhani ni chafu au zimechakaa, kumbe ule ufifi wa picha ndivyo zilivyozaliwa. Inaniuma kila mara, kwa kuwa kilichosuguliwa hakirudi.

Kuhusu herufi zinazoonekana mara mbili, mfano maarufu ni senti ya Marekani ya 1955 iliyopigwa Philadelphia. Muhuri wenyewe ulichongeka mara mbili, hivyo kila herufi ina umbo kamili na mwenzake kamili. Muhuri ukitikisika tu wakati wa kupiga, huacha kivuli bapa kama ngazi kando ya herufi, na hicho hakina thamani ya ziada.

Ukiwa na shaka, usiisugue, usiipake mafuta wala kuibandika gundi. Ishike kwa ukingo, ifunge kwenye karatasi laini, andika ilipookotwa na nani aliikuta, kisha ilete ilivyo.