Seva ya Biashara Huku Visiwani: Yanayosemwa na Yalivyo

“Seva yangu ina diski mbili zinazoandika kitu kimoja, data haipotei.”

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowaliza wengi wenye seva, ile kompyuta inayotunza mafaili ya biashara nzima. Mpango huo wa diski mbili, uitwao RAID 1, huandika kila kitu kwenye diski mbili kwa wakati mmoja, kwa hivyo moja ikifa, kazi haisimami. Lakini karani akifuta faili la mahesabu, limefutika kote kuwili. Kirusi kikiyafunga mafaili, kimeyafunga kote kuwili. Mwizi akibeba mashine, ndio basi tena. Nakala ya akiba ni jambo jengine: diski ya nje inayochomolewa ikalale nyumba nyengine, nawe mara kwa mara ujaribu kurudisha faili kutoka humo. Hilo la kujaribu mie nilijifunza kwa aibu. Duka moja la Darajani nililiwekea nakala kila wiki, na siku ya kuhitajika tukakuta mafolda matupu.

“Terabaiti 4 zinatosha kila kitu.”

Piga hesabu kwanza. Tuseme una nyumba ya wageni Paje yenye kamera 8, kila moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde. Biti 8 ni baiti moja, kwa hivyo kamera moja inakula kama gigabaiti 43 kwa siku, zote 8 zinakula 346. Ukitaka kuhifadhi picha za siku 30, ni terabaiti 10.4 (terabaiti moja ni gigabaiti 1,000). Orodha za vyumba walivyoweka wageni na mahesabu ya mwaka mzima hayafikii hata chakula cha siku moja cha kamera hizo! Ndiyo maana mahesabu nayatia kwenye SSD ndogo, yaani diski isiyozunguka, kamera nazipa diski zao za kuzunguka.

Diski nne za terabaiti 4 kwenye RAID 5, mpango ambao diski moja ikifa data inabaki, zinakupa 12, si 16, maana nafasi ya diski moja huliwa na ulinzi. Windows itakuandikia kama 10.9 kwa kuwa inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, muuzaji hajakuibia. Kamera 8 zinaingia. Ukiongeza mbili tu, umepita.

“UPS ninayo, umeme ukatike utakavyo.”

UPS ni betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika. Ile 1,000 iliyoandikwa ubavuni mwake ni VA (volti mara ampea), si wati. UPS nyingi ndogo za namna hiyo hutoa wati 600 hivi. Kazi yake ni kukupa dakika za kuzima seva kwa utaratibu, au za kungoja jenereta iwake. Aliyekuwepo Unguja Disemba 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika usirudi mpaka Machi 2010, haelezwi zaidi.

“Seva inakaa popote penye nafasi.”

Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zinafyonza unyevu, na upepo wa bahari unaleta chumvi inayokula chuma na viunganishi. Iweke mbali na dirisha, penye kiyoyozi, juu ya kabati. Sakafuni, hapana: masika huingia na maji.